Maharage mekundu mawili yanaweza yasiwe ndugu kabisa

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani na nikajibu napima vinasaba vya maharage, kuna wanaocheka waziwazi na kuna wanaonionea huruma. Mjomba wangu mmoja kwenye kikao cha harusi alinitolea uvivu mbele za watu, "yaani mjomba umesoma miaka yote hiyo ili uende kuchungulia maharage?" Na kusema ukweli ukilitazama juujuu ni swali la haki, maharage si maharage tu, unaosha unachemsha unaunga na nazi yameisha. Basi leo niandike mara moja hapa ili siku nyingine mtu akiniuliza nimtumie linki tu nisijieleze upya.

Chukua maharage mekundu ya aina mbili. La kwanza ni lile kubwa lenye umbo la figo, Canadian Wonder, wengi mnalijua. La pili ni lile dogo ambalo Wakenya wanaliita Wairimu. Yote mekundu, yote kitaalamu ni Phaseolus vulgaris, na yakishakuwa kwenye sahani na ugali hakuna anayeuliza ukoo. Ila ukisoma vinasaba vyao unakuta hawa wawili wametoka kwenye koo zilizoachana zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kabla binadamu hajaanza kulima chochote popote pale. Waliosoma jinomu nzima ya maharage, yaani DNA yake yote, na kuitangaza mwaka 2014 walikadiria kama miaka 165,000.

Afu sasa chukua kablanketi, lile la Nyanda za Juu Kusini lenye rangi ya kijivu inayoelekea zambarau, weka pembeni soya njano (hili nalo ni harage, si soya yenyewe), weka na rosecoco lenye michirizi yake ya wekundu. Hapo mtu yeyote atakwambia hizi ni mbegu tatu tofauti kabisa, na sokoni bei zake ni tofauti na mama muuzaji hawezi kukubali uzichanganye kwenye kisado kimoja. Kwenye vinasaba hawa ndo wa ukoo mmoja. Kwa hiyo yale yanayofanana kwa macho hayahusiani na yale yasiyofanana ni ndugu, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Hizo koo mbili ni hivi. Maharage ya porini yapo mpaka leo, yanaota kuanzia kaskazini mwa Mexico mpaka kaskazini magharibi mwa Argentina, ni ya kutambaa, mbegu zake ndogo sana na ganda likikauka linapasuka lenyewe na kurusha mbegu. Inaonekana chimbuko lake ni huko Mexico, afu kundi dogo likajipenyeza kusini mpaka milima ya Andes likakaa huko peke yake muda mrefu mno. Baadaye watu wa Mexico wakayafuga ya kwao, watu wa Andes nao wakayafuga ya kwao, mara mbili tofauti bila kuambizana, yapata miaka 8,000 iliyopita. Ndo maana tunasema kuna ukoo wa Amerika ya Kati na ukoo wa Andes. Ya Amerika ya Kati kwa kawaida ni madogo, mbegu 100 hazifiki gramu 25, ya Andes ni makubwa, mbegu 100 zinapita gramu 40. Angalia sokoni kwetu utajua tumeangukia wapi.

Kabla ya haya mambo ya DNA watu walishajua kuna kitu. Miaka ya 80 watafiti kina Paul Gepts walikuwa wanapima protini ya mbegu inaitwa phaseolini, wanaipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa ukubwa wake, na maharage ya Mexico yakawa yanatoa mistari ya aina moja na ya Andes yanatoa ya aina nyingine. Wakaziita aina S na aina T, kutokana na majina ya mbegu mbili za Marekani, Sanilac na Tendergreen. Protini moja tu hiyo ikatosha kugawa maharage ya dunia nzima makundi mawili, na kila njia ya kupima DNA iliyofuata mpaka leo, RFLP, RAPD, AFLP, mikrosatelaiti, SNP, imerudia jibu lilelile. Mimi hilo huwa linanifurahisha sana kuliko mashine yoyote mpya.

Sasa rangi inatudanganyaje? Rangi ya harage inaongozwa na jeni chache tu. Kuna moja inaitwa P, hiyo ikiharibika harage linatoka jeupe haijalishi jeni nyingine za rangi zinasema nini. Nyingine zinaamua kama kutakuwa na madoa, nyingine zinakoleza, nyingine zinafifisha. Maharage yana jeni kama 27,000, kwa hiyo ukihukumu kwa rangi unakuwa umesoma herufi chache za kitabu kizima, na bahati mbaya hizo chache ndo mkulima na mnunuzi wamezichagua kwa makusudi vizazi na vizazi, kila kijiji na rangi yake. Zile nyingine zinazohusu magonjwa, mizizi, kustahimili ukame, hakuna anayeziona kwa macho.

Maabara tunafanya hivi. Unaotesha mbegu, unachuma majani machanga (yakikomaa yanajaa uchafu, ukitoa DNA inatoka ya kahawia na inanata kama mlenda, haifanyi kazi), unayasaga, unayachemsha kwenye dawa inaitwa CTAB kwenye nyuzi 65, unaongeza klorofomu, unazungusha kwenye sentrifyuji, unachukua maji ya juu, unamwaga alkoholi ya baridi na hapo kama Mungu amekujalia unaona utando mweupe unaelea. Hiyo ndo DNA, ipo mbele ya macho yako, mara ya kwanza kila mtu anapiga picha.

Halafu unatafuta maka, yaani alama kwenye DNA za kutofautishia harage hili na lile. Mimi zaidi nimefanyia mikrosatelaiti. Kuna sehemu kwenye DNA herufi mbili au tatu zinajirudia kama mtu mwenye kigugumizi, CACACACACA, na idadi ya kujirudia inatofautiana, harage hili mara 12, lile mara 15, lile mara 9. Hapo hakuna jeni inayofanya kazi ya maana kwa hiyo mabadiliko yanajikusanya tu bila kumuua mmea na bila mkulima kuyaona wala kuyachagua. Unaweka praima, vipande vifupi vya DNA vya kuonyesha pa kuanzia, upande huu na upande huu, unaingiza kwenye mashine ya PCR inayonakili hiyo sehemu, inapanda nyuzi 94 inashuka 55 inapanda 72, inarudia hivyo zaidi ya mara thelathini, mwisho unapitisha kwenye jeli na unasoma urefu. Maharage yana kromosomu 11, kwa hiyo unajitahidi upate maka zilizotawanyika kwenye zote 11 usije ukapima kona moja ukasema umepima nyumba. Tofauti ya herufi mbili kwenye jeli ya kawaida ya agarosi hauioni vizuri, unahitaji poliakrilamaidi au mashine ya kapilari, na hiyo mashine kwa maabara nyingi za kwetu ni hadithi, watu wanapaki sampuli wanatuma nje. Umeme nao ukikatika katikati ya PCR ni kuanza upya tu na praima umenunua kwa dola, sitaki hata kuongea.

Wenzetu sasa hivi wamehamia kwenye SNP, herufi mojamoja, maelfu kwa mkupuo, na data inarudi kwenye faili la kompyuta bila jeli. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kwa swali la kawaida la nani ndugu ya nani, mikrosatelaiti ishirini au thelathini zilizochaguliwa vizuri bado zinajibu.

Kama unadhani hizi ni kazi za kujifurahisha za wasomi ngoja nikupe kesi ya Enola. Mwaka 1994 jamaa mmoja mwenye kampuni ya mbegu kule Colorado alinunua maharage ya njano Mexico, akaenda akayapanda kwao misimu michache akichagua yale ya njano inayomridhisha, halafu akaomba hataza (patent, haki ya kisheria ya kumiliki ulichobuni) kwa jina la Enola, na Aprili 1999 serikali ya Marekani ikampa. Yaani harage la njano likawa mali yake, akaanza kuwadai waliokuwa wanaingiza maharage ya njano kutoka Mexico wamlipe kwa kila ratili na akawapeleka mahakamani, wakulima wa Mexico waliokuwa wanauza huko wakaona soko linakauka. CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti kilichopo Colombia chenye benki kubwa kabisa ya mbegu za maharage duniani, wakaweka pingamizi mwishoni mwa 2000 wakisema bwana sisi maharage ya njano ya hivi tunayo kwenye majokofu yetu muda mrefu tu.

Mwaka 2004 kikatoka kipimo cha DNA kwa maka za AFLP, na Enola ikaonekana inalingana kabisa na mbegu ya Mexico inayoitwa Azufrado Peruano 87. Ukoo wa Andes hiyo, uliopitia kwa watafiti wa Mexico. Hakukuwa na kipya alichobuni. Na bado, sikia hii, ofisi ya hataza ikafika 2008 ndo inatoa uamuzi wake wa mwisho wa kukataa madai yake na mahakama ikamaliza kabisa 2009. Miaka kumi tangu hataza itolewe, watu wanagombania harage la njano kama hili letu la soya njano tunalokula na wali. Kwa hiyo mtu anaponiambia kupima vinasaba vya mbegu za kienyeji ni anasa mi huwa namuuliza, siku ya siku mtu akija na cheti kwamba kablanketi ni lake utamjibu na nini? Picha ya bibi yako akiwa shambani?

Turudi kwetu. Maharage yaliingia Afrika Mashariki baada ya Wareno kufungua njia zao, kuanzia karne ya 16, na yakapanda milimani huko Kilimanjaro, Usambara, Mbeya, Kigoma, Rwanda, Burundi, Kivu, Kenya ya kati, kote yakapokelewa vizuri mpaka ukimwambia mtu wa huko kwamba harage ni mgeni anaona unamtania. Kuna utafiti wa 2009 ninaupenda, walichukua mbegu 192 za kienyeji za Ethiopia na Kenya wakazipima kwa mikrosatelaiti. Ethiopia ikatoka zaidi ya Amerika ya Kati, Kenya ikatoka zaidi ya Andes, na waliochanganyikana kati ya nchi hizo jirani wachache sana. Mpaka ni uleule mmoja, watu wanauziana ng'ombe na kila kitu, lakini maharage kila nchi na ukoo wake kutokana na yalivyoingia na walivyoyachagua. Na ndani ya Kenya yenyewe, sehemu hii na sehemu ile, mbegu zimesambaa zimechanganyikana, hakuna cha maharage ya wilaya hii peke yake.

Ukienda upande wa Maziwa Makuu mambo ni tofauti tena. Rwanda na Burundi mkulima anapanda mchanganyiko, shamba moja lina maharage ya rangi nyingi na anajua kwa nini, hili linavumilia mvua, lile linawahi kuiva, lile ni la kutambaa kwenye miti linazaa sana. Kwenye vipimo vya huko ndo inaonekana damu ya koo hizi mbili imeingiliana. Maharage yanajichavusha yenyewe, ua linakuwa limeshamaliza kazi kabla halijafunguka, lakini nyuki mara mojamoja anapita, na ukipanda mchanganyiko miaka mia tatu hiyo mara mojamoja inakuwa nyingi.

Sasa shida iko wapi. Shida ni kwamba ukoo wa Andes wenyewe ulianza na wachache, wale waliojipenyeza kusini, kwa hiyo ni finyu tangu porini. Ukaja ukafinywa tena ulipofugwa. Wareno nao hawakuja na maharage yote ya Andes, walikuja na kiganja. Halafu sisi sokoni tunafinya tena, tunataka kubwa, jekundu au la njano au la michirizi, liive haraka, mchuzi uwe mzito. Dar ukipeleka maharage madogo meusi utarudi nayo nyumbani, hata uwaambie yanazaa mara mbili. Nawaelewa walaji na mimi mwenyewe kablanketi siliachi, ila hesabu ndo hiyo.

Na magonjwa yanazijua hizo koo kuliko sisi. Mfano mzuri ni madoapembe, ule ukungu unaotoboa majani kwa vidoa vya pembepembe mpaka yanapukutika. Ukungu wenyewe nao una koo mbili, umekua pamoja na maharage, wa Andes unashambulia zaidi maharage ya Andes, wa Amerika ya Kati unashambulia yote. Kwa hiyo kinga ya kusaidia maharage yetu makubwa mara nyingi lazima ukaitafute kwa wale wadogo tusiowapenda. Mbegu inayoitwa Mexico 54 imetumika sana na wazalishaji mbegu wa ukanda huu kwa sababu hiyohiyo.

Ila kuzaliana hao nako kuna vituko. Ukimkutanisha wa Andes na wa Amerika ya Kati, kuna ndoa nyingine watoto wanatoka vibete, majani yamejikunja, mizizi haiendi, wanakufa. Ni jeni mbili, DL1 upande mmoja na DL2 upande mwingine, kila moja nyumbani kwake haina madhara yoyote ila zikikutana mmea mmoja basi. Sio ndoa zote, zipo nyingi zinazofaulu, lakini ukifaulu unapata mbegu ndogo ambayo soko halitaki, inabidi umrudishe mtoto kwa mzazi mkubwa, tena na tena, huku unaangalia ile kinga isipotee njiani. Zamani ilibidi kila kizazi ukipulizie ugonjwa uone nani anapona. Siku hizi unachuma jani la mche mchanga, unapima maka iliyo jirani na jeni ya kinga, wasio nayo unang'oa siku hiyohiyo. Muda unaookoa hapo ni mkubwa sana.

Kuna na ugonjwa wa batobato, huu wa virusi unaotia majani mabakamabaka. Nje huko wana jeni inaitwa I, inazuia virusi vya batobato vizuri kabisa, wakaisambaza kwenye mbegu nyingi. Sasa huku kwetu kuna jamaa mwingine, virusi vya aina ya kukausha, BCMNV, ambavyo watafiti wengi wanaamini asili yake ni hapahapa Afrika. Harage lenye I peke yake likikutana na hivyo, kinga inachachamaa kupita kiasi mpaka mmea unajiua, mishipa inaenda nyeusi kuanzia juu mpaka mizizini. Yaani mbegu iliyoboreshwa inakufa na ya jirani ya kienyeji isiyo na I inaumwa tu kidogo inaendelea kuzaa. Dawa yake ni kuiwekea I wenzake, jeni za kundi la bc hasa bc-3, na bila maka ni ngumu kujua kama umezibeba zote mbili kwa sababu bc-3 ikifanya kazi yake inamficha I asionekane. Kwenye jeli wote wanaonekana.

Nimalizie na lawama kidogo kwa sisi wenyewe wa maabara. Tafiti nyingi za hivi zinachukua mbegu moja kutoka kila gunia, wanaipima, wanaandika "kablanketi ya Mbeya" kana kwamba kablanketi ni mtu mmoja. Gunia la mbegu ya kienyeji ni familia, ndani yake kuna mistari kadhaa iliyojichavusha kila mmoja kivyake, ukipima mbegu moja umepima mmoja tu wa hao. Chukua hata kumi jamani. Na jina la sokoni nalo lisiaminike hivihivi, mbegu ileile inaitwa hivi Arusha inaitwa vile Kigoma, na jina moja hilohilo la njano linabeba maharage ambayo kwenye vinasaba ni watu wawili. Halafu ripoti inaisha na sentensi kwamba utofauti mkubwa umeonekana, mwandishi anapata digrii, mbegu zinatupwa. Zipelekeni Arusha kwenye kituo cha taifa cha akiba ya nasaba za mimea, ndo kazi yao kutunza.

Na kama nyumbani kwenu kuna mbegu ya bibi ambayo sokoni haionekani tena, usinitumie punje tatu kwenye bahasha kama alivyofanya rafiki yangu mmoja. Weka kiganja kizima, kavu, usichague yanayofanana, chukua kama yalivyo na yale ya rangi ngeni ndani yake, andika kijiji, jina mnaloliita, linapandwa mvua zipi, na nani aliwapa mara ya kwanza kama mnakumbuka. Hilo la mwisho watu wanaliruka wakati mi ndo nalitaka kuliko yote, kwa sababu jeli inaniambia ndugu ni nani ila haiwezi kuniambia kwamba mbegu ilikuja na shangazi alipoolewa kutoka Kasulu.